Udongo wa msituni kwa miche ya mti wa mtundu

Huku Sikonge, Tabora, sijazi viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, bila udongo wa chini ya mtundu mkubwa, mti wa miombo, maana una kuvu rafiki wa mizizi. Fukua majani makavu, chota palipo na nyuzi nyeupe za kuvu, kidogo tu, maana mti ule nao unazitegemea. Usichote penye mti unaokauka! Changanya debe moja kwa tisa za udongo wa kitalu.

Mbolea ya fosfeti, punguza. Mzizi ulioshiba fosforasi haukaribishi kuvu rafiki.

Miezi michache baadaye, pasua kiriba kimoja. Vincha vya mizizi vifupi, vinene, vilivyovikwa utando wa kuvu: hapo mzizi umepokea mgeni wake, na mimi hufurahi sana. Mzizi wa kahawia, laini, unaochunika ganda umeoza. Ng'oa mche huo, uchome, kisha punguza kumwagilia.