Kumwombea fundi wa kigeni kibali cha kazi: kwa waajiri wa Tanga

Shamba lako la mkonge limenunua korona mpya (mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge), na anayeijua vizuri ni fundi wa kule ilikotengenezwa. Kabla hujamkatia tiketi, jiulize anakuja kwa siku ngapi. Kama ni kuifunga na kuijaribu, ipo viza ya biashara ya Uhamiaji, isiyozidi siku 90. Ukitaka abaki kama mwajiriwa, anahitaji vibali viwili: cha kazi, kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi daraja B, kutoka Uhamiaji. Anza na cha kazi. Mwombaji ni wewe mwajiri, si yeye.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka Kamishna aridhike kwamba Mtanzania wa kazi hiyo ametafutwa akakosekana. Basi tangaza nafasi, wafanyie usaili waliojitokeza, na utunze tangazo pamoja na sababu za kutowachukua. Usiandike sifa zilizokatwa kwa kipimo cha mgeni uliyekwisha kumchagua. Vijana wanaotoka chuo cha ufundi stadi cha VETA Tanga wanastahili kusikilizwa kwa haki.

Kisha andaa mpango wa urithishaji ujuzi. Hapa ndipo ninapowaomba waajiri watulie, maana wengi hunakili wa kampuni nyingine. Mpango wa kweli unamtaja Mtanzania atakayefundishwa, cheo chake, atakachojifunza kila robo mwaka na lini atashika kazi mwenyewe. Mgeni akiondoka na ujuzi wake wote, mwaka ujao mtambo utakapokwama utalazimika kumwita tena fundi wa kigeni.

Nyaraka nyingine ni za kawaida: barua ya maombi, mkataba wa ajira, maelezo ya kazi, wasifu, vyeti, nakala ya pasipoti, picha, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), leseni ya biashara na hati za kodi za TRA. Vyeti visivyo vya Kiswahili wala Kiingereza vitafsiriwe kwanza. Nyaraka zote hupandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa vibali, nao hukupa kumbukumbu namba ya kulipia. Usimpe mtu fedha mkononi.

Ukikataliwa, soma sababu. Unaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Ukikubaliwa, kibali ni cha miezi 24, na kinamhusu mwajiri huyo na nafasi hiyo tu. Jirani yako mwenye kiwanda akimtaka fundi huyohuyo, naye aombe chake.