Kula Thailand bila kuishia kwenye pad thai (tambi za kukaanga) tu

Ukifika Thailand usianze na kutafuta mgahawa, anza na saa. Kule watu wanakula muda wote ila kila msosi una saa yake na ukichelewa ndo basi tena. Mama anayeuza jok, ule uji mzito wa mchele wenye nyama na tangawizi mbichi juu, anaanza alfajiri, wewe ukitoka hotelini saa nne unamkuta kashaosha sufuria anafunga. Yaowarat, mtaa wa Wachina pale Bangkok, ukipita mchana utaona maduka ya dhahabu basi, rudi saa moja usiku uone, barabara nzima ni majiko na viti vya plastiki.

Siku ya kwanza mi nakushauri mchana uende duka la khao gaeng, yaani wali na mchuzi. Trei zinakuwa zimepangwa pale mbele, huhitaji kusoma menyu wala kujua lugha, unaonyesha kidole, hiki na hiki, wanakuwekea juu ya wali. Vyakula vingi vitakuwa vuguvugu tu sio vya moto, usishtuke, vimepikwa asubuhi na ndivyo wanavyokula. Nenda kabla ya saa sita, trei bado zimejaa na unachagua, saa nane unakuta mabaki.

Halafu tafuta kibanda kinachouza kitu kimoja. Hii kwangu ndo siri kubwa kuliko zote. Yule wa khao man gai ana kuku waliochemshwa wamening'inia kwenye kioo, wali uliopikwa kwa supu na mafuta ya hao hao kuku, na sosi yake ya tangawizi na pilipili, hana kingine, na hicho kimoja anakipika kila siku ya Mungu. Sehemu yenye menyu ya kurasa ishirini na picha za kila kitu we ipite tu.

Som tam sasa, kachumbari ya papai bichi, chakula cha watu wa Isaan, kaskazini mashariki. Hii simama uangalie inavyotengenezwa. Anatwanga kitunguu saumu na pilipili kichaa kwenye kinu kirefu, anaweka sukari ya mnazi, maharage marefu mabichi, nyanya, ndimu, sosi ya samaki, ndo papai lililokatwa nyuzi nyuzi linafuata, mchi mkono mmoja kijiko mkono mwingine anageuza huku anaponda taratibu, hapondi mpaka lisagike, anataka papai liingie maji ya ndimu ila libaki na ule mlio mdomoni. Kabla hajaanza kutwanga mwonyeshe kwa vidole unataka pilipili ngapi. Mi mara ya kwanza nilisema tu "phet nit noi", pilipili kidogo, nikaletewa sahani iliyonitoa machozi, kumbe kidogo yake na kidogo yangu ni vitu viwili, tangu siku hiyo naonyesha kidole kimoja na tunaelewana. Na uombe som tam thai, yenye karanga na uduvi. Ile ya pla ra ina samaki waliovundikwa, harufu yake kali sana, ila ukishazoea utaipenda, jipe siku kadhaa. Kula na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, huo unaliwa kwa mkono, unafinya tonge dogo unachovya.

Wali wa kawaida unaliwa kwa kijiko mkono wa kulia, uma uko kushoto kazi yake kusukuma chakula kwenye kijiko, vijiti ni vya tambi. Na kwenye supu ya tom yum yale majani magumu, mchaichai na vipande vya mizizi usivitafune, vimewekwa vitoe harufu, viache kwenye bakuli.

Kwenye tambi mezani utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili ya unga, pilipili zilizolowekwa kwenye siki na sosi ya samaki. Sio mapambo hayo. Mpishi anakuletea bakuli akijua utamalizia mwenyewe, kwa hiyo onja supu kwanza, halafu ongeza kidogo kidogo, na ndio, hata sukari, ijaribu kabla hujakataa.

Ukisafiri badilisha chakula na wewe. Chiang Mai kula khao soi, tambi kwenye mchuzi wa tui la nazi zenye nyingine za kukaanga juu. Kusini mchuzi ni mkali kweli kweli, huko waambie mapema.

Kama huli nguruwe sema "mai sai mu", ila jua kwamba mpaka supu zinaweza kuwa zimechemshwa na mifupa yake, salama zaidi tafuta alama ya halali, kusini ziko nyingi na utapata khao mok gai, biriani yao ya kuku ya njano. Asiyekula nyama kabisa aangalie bendera ndogo ya njano yenye maandishi mekundu, hiyo ni "jay", hamna nyama wala sosi ya samaki. Mwenye aleji ya karanga aandikiwe kwa Kithai kwenye simu aonyeshe, kutamka tu haitoshi, hili tafadhali usilichukulie poa.

Hela tembea na noti za baht, hela ya Thailand, za 20, 50 na 100. Noti ya baht 1,000 kwa mtu wa kibanda asubuhi ni kumpa shida. Kwenye migahawa mikubwa bei ikiwa na ++ ujue huduma na kodi vinaongezwa juu, na huko msiagize kila mtu sahani yake, agizeni vitu vya katikati mle wote.

Ukienda mwezi wa nne au wa tano embe ndo zimeiva, nunua khao niao mamuang, embe na wali wa kunata. Ukifungiwa ya kubeba, tui linakuwa kwenye kimfuko chake, usilimwage mpaka umekaa unakula.