Wenye kazi za kuketi, pimeni viuno

Jamani nyinyi wa tuktuk, matatu na wale wa dukani mnaoketi kutwa, chukueni tepu ya fundi wa nguo mjipime kiuno, hapo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwanza na usivute tumbo ndani. Kikizidi nusu ya urefu wako, yaani mtu wa sentimita 170 akipita 85, mafuta yamejazana ndani huko karibu na ini, na hayo ndo yanaleta presha, sukari na moyo, mzani peke yake haukuambii hilo.

Na kukoroma msikudharau tafadhali. Ukiwa mnene, unakoroma hadi mkeo anasema pumzi inakatika kisha unashtuka, halafu mchana unasinzia kwenye foleni ya feri Likoni, huo si uchovu wa kazi tu, huenda koo linaziba usingizini, na dereva wa hivo ni hatari kwake na kwa abiria, nenda hospitali ueleze hivohivo. Nyinyi mabosi nanyi, mtu kama huyo akisinzia msimwite mvivu, huenda anaumwa.

Si lazima ukonde kama uzi, wa kilo 100 akipunguza 5 mpaka 10 presha na sukari huanza kushuka. Mimi ningeanza na soda na sukari ya chai, mahamri yawe mawili badala ya manne, na jioni shuka steji moja kabla ya kwako utembee.