Jinsi ya kudai mwendo ushushwe mtaani kwenu

Mimi ni dereva wa tuktuk, kazi yangu Tudor, Mombasa, na nataka mwendo ushushwe mitaani. Wenzangu stejini wananiona msaliti. Sheria ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, lakini watoto wakitoka madrasa alasiri, hizo 50 ni nyingi mno.

Ukitaka kulisukuma jambo hili kwenu, usianze na kelele. Anza na vipimo. Chagua kipande kilichonyooka, upime mita 50 kwa tepu ya fundi, utie alama za chokaa mwanzo na mwisho. Kisha ketini wawili barazani na kahawa yenu, maana dereva akiona mtu kainua simu atapunguza. Gari likivuka alama ya kwanza, washa saa ya simu. Likivuka ya pili, zima. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata: sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni 50. Andika saa, aina ya gari na mwendo. Namba za gari ziacheni, la sivyo mjadala utageuka ugomvi na mtoto wa fulani.

Madereva watasema, "Mwatuharibia kazi." Wapigie hesabu. Mita 800 kutoka barabara kubwa hadi ndani mtaani, kwa 50 ni sekunde 58, kwa 30 ni 96. Abiria akitafuta chenji hukuweka zaidi ya hapo! Halafu breki: ikishika, gari la 50 huhitaji karibu mara tatu ya masafa ya lile la 30 hadi lisimame.

Vijana watataka kumwaga zege usiku. Wakatazeni. Tuta la kienyeji lisilo na rangi humwangusha wa bodaboda. Hata hivyo kibao peke yake hakimtishi mtu, kwa hivyo ombeni kibao cha 30 pamoja na matuta ya kitaalamu.

Kabla ya kuandika barua, ulizeni barabara ni ya nani. Ile kuu ya kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Nyingine ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au kaunti. Ibara ya 37 ya Katiba inawapa haki ya kuwasilisha ombi. Ambatisheni vipimo na sahihi za majirani, madereva wakiwemo, nakala moja kwa mwakilishi wadi. Na msiondoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa mhuri wa tarehe.