Gari Limekufa Njiani na Una Mbwa Wawili Nyuma

Pampu ya maji ya gari letu ilikufa Ijumaa moja ya Julai, saa tisa alasiri, kwenye barabara kuu ya I-80 karibu na North Platte, Nebraska, Marekani. Tulikuwa tunatoka Denver kwenda Omaha. Nyuma walikuwepo Simba na Tosha, kilo 30 kila mmoja. Nilipompigia dada yangu wa Arusha kumwambia natafuta hoteli ya kulaza mbwa, alicheka mpaka akashindwa kuongea. Kwake mbwa analala nje na analinda. Huku sina ua wala jirani wa kumwachia.

Ukiita gari la kuvuta, taja mbwa kabla ya kutaja gari: wangapi, wakubwa kiasi gani. Dereva mwingine atawapakia mbele bila shida, mwingine atakataa katakata, na kuwaacha ndani ya gari linalovutwa si jambo la kujaribu. Wafunge kamba kabla hujafungua mlango, na washushe upande usiopita magari.

Kuwaacha garini ukiingia kuongea na fundi, hata kidogo usifanye. Nje kukiwa na nyuzi 27 tu, ndani ya gari lililofungwa hufika 37 kwa dakika kumi, na baada ya nusu saa 46. Kushusha kioo kidogo hakubadilishi kitu.

Gereji nayo ina hatari yake. Wakati naandikisha gari, Tosha alikuwa keshapeleka pua kwenye kidimbwi cha kijani chini ya gari la jirani. Maji yale ya rejeta yana ladha tamu, na yakiwa na ethilini glaikoli, kiasi kidogo tu huharibu figo za mbwa na kumuua. Akilamba, kimbilia kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje dalili.

Usimuulize fundi "litapona lini?" Muulize spea inatoka wapi na inafika siku gani. Ya kwetu ilibidi iagizwe, na wikendi hakuna aliyeileta. Dai makadirio kwa maandishi, na mwambie asiguse kingine bila kukupigia.

Kulala: Motel 6 na La Quinta zinajulikana kwa kupokea mbwa, ila piga simu tawi lenyewe. Uliza idadi, uzito, na kama ada ni ya kila usiku au ya kukaa kote. Usiwafiche, wakibweka usiku utaumbuka. Omba chumba cha chini. Mara nyingi hairuhusiwi kuwaacha peke yao chumbani, kwa hiyo mkiwa wawili mtakula kwa zamu, na ukiwa peke yako utaagiza chakula kiletwe. Mimi na mume wangu tulikula chipsi kitandani siku tatu.

Usitegemee kuendelea kwa basi: Greyhound hawapakii mbwa, isipokuwa wale wa kuhudumia watu wenye ulemavu. Amtrak, treni za abiria, wanapokea wasiozidi kilo 9 pamoja na kibegi chao. Kama unataka kuwaweka kwenye kituo cha kutunzia mbwa, utadaiwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na mara nyingi cha kikohozi pia. Mimi vyote nimevipiga picha vikakaa kwenye simu, kwa sababu karatasi zilikuwa Denver, ndani ya maboksi.

Mchana lami inaunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono chini. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, rudini ndani. Sisi tulitembea alfajiri, huku treni zikinguruma upande wa Bailey Yard, yadi ya reli inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Simba alizibwekea moja baada ya nyingine, na kule treni haziishi.

Pampu ilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Saa tisa tukawa barabarani, na kiti cha nyuma kina manyoya mpaka leo.