Gitaa linachelewa ukirekodi kwenye kompyuta? Kabla hujanunua mashine mpya, pita huku

Unapiga uzi, kidole kishatoka, ndo sauti inaingia masikioni. Hii kitu inaua muziki kabisa manake mkono unaanza kuisubiri sauti, ukiisubiri unachelewa zaidi, alafu ukirudi kusikiliza ulichorekodi unajiona hujui kupiga. Kuna jamaa yangu, mpiga gitaa mzuri sana, alikaa miezi anaulaumu mkono wake, kumbe shida ilikuwa namba moja tu kwenye setingi ya bafa (nitaieleza hapa chini), 1024, tukaishusha mpaka 128 na jioni ile ile akapiga solo yake yote kwenye metronomu, ile inayohesabu mapigo, bila kuyumba. Iliniuma ile miezi iliyopotea.

Kwanza uelewe sauti inapita wapi. Gitaa linatoa umeme, intafesi, yaani kile kiboksi unachochomekea gitaa na chenyewe kinaunganishwa na kompyuta, inaugeuza kuwa namba, zile namba zinakusanywa kama maji kwenye ndoo, hiyo ndoo ndo inaitwa bafa, ikijaa kompyuta inaichukua, inapitisha kwenye plagini zako, yaani programu ndogo za kubadilisha sauti, inajaza ndoo nyingine ya kutokea, ndo intafesi inageuza namba kuwa sauti tena. Sasa ndoo ikiwa kubwa lazima usubiri ijae, hakuna namna. Hesabu yake ni rahisi, chukua ukubwa wa bafa gawa kwa idadi ya sampuli, yaani zile namba, kwa sekunde. Bafa ya 1024 kwenye 44100 ni kama milisekunde 23, na hiyo ni kuingia tu, kutoka ni 23 nyingine, jumla 46, na bado draiva (programu inayounganisha kifaa na kompyuta) na intafesi hazijaongeza za kwao. Bafa ya 128 ni kama milisekunde 3 kila upande.

Na usihangaike kutafuta sifuri. Sauti hewani inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwahiyo ukichelewa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye amplifaya, na watu wanapiga hivyo jukwaani kila siku wala hawalalamiki. Ukishafika 10 au chini yake, shika gitaa upige.

Kama unajisikiliza kwa hedifoni za Bluetooth, anzia hapo hapo. Zenyewe peke yake zinaweza kuchelewesha milisekunde 100 mpaka zaidi ya 200, na hakuna setingi ya kompyuta itakayokuokoa. Chomeka za waya, na uzichomeke kwenye intafesi, sio kwenye tundu la laptop.

Wa Windows, kitu kikubwa kwenu ni draiva. Njia ya kawaida ya Windows inapitisha sauti kwenye mixa yake inayochanganya sauti za programu zote, na huko ndo muda unaliwa. ASIO, aina ya draiva ambayo kampuni ya Steinberg waliitoa mwaka 1997, iliundwa iruke ile mixa iende moja kwa moja kwenye kifaa. Kwahiyo ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza intafesi yako, shusha draiva yao ya ASIO, isakinishe, alafu ndani ya programu ya kurekodia uichague kwa jina, manake watu wengi wanasakinisha vizuri kabisa lakini programu bado iko kwenye MME au DirectSound, njia za zamani za Windows, na wao hawajui. Kama kifaa chako hakina draiva yake, jaribu ASIO4ALL, draiva ya ASIO ya vifaa vya aina nyingi, au WASAPI, njia ya Windows yenyewe, kwenye hali ya exclusive inayoruka mixa. Wa Mac mna Core Audio, mfumo wa sauti wa Apple, tayari imo ndani, nyie rukeni hapa mwende kwenye bafa.

Bafa ishushe kwa hatua. Anza 256, piga dakika mbili tatu, na upige kwa nguvu kama unavyopiga kweli, sio kugusagusa nyuzi. Ikiwa safi nenda 128, alafu 64. Siku utakapoanza kusikia tikitiki, kama mafuta ya moto yamedondokewa na maji, ujue prosesa inazidiwa, haiwahi kujaza ndoo kwa wakati, basi rudi hatua moja juu na hapo ndo pako. Ukimaliza kurekodi ukaanza kumiksi, rudisha 512 au 1024 bila wasiwasi, manake hapo hupigi tena, unasikiliza tu, na plagini zinahitaji nafasi ya kupumua.

Plagini nazo kuna zenye kuchelewesha hata bafa ikiwa ndogo. Limita (za kuzuia sauti isipite kiwango) za masta, ile chaneli ambako trak zote zinakutana, zinachungulia mbele kabla ya kubana, na ikwalaiza (za kupandisha na kushusha besi na treble) za aina ya linear phase zinahitaji muda mrefu wa kufanya hesabu. Moja tu ikikaa kwenye chaneli ya masta inaweza kuwachelewesha wote. Ndo maana mtu anakwambia jana ilikuwa poa leo imekuwa nzito na sijagusa kitu, muulize, uliweka nini kwenye masta? Zizime wakati wa kurekodi. Trak zilizokwisha zigandishe (freeze) au zigeuze faili za sauti, prosesa ipumzike.

Sasa kama mashine ni ya zamani na chini ya 512 inakoroma tu, tumia njia ya kujisikia moja kwa moja. Intafesi nyingi zina kitufe au kinobu kimeandikwa Direct au Monitor, kinakuletea gitaa kwenye hedifoni kabla hata halijaingia kwenye kompyuta. Ubaya wake unasikia gitaa kavu bila distosheni ya plagini, na kwa mtu anayepiga roki hiyo inapunguza mzuka kweli, kwahiyo mimi napendelea mtu aweke pedali yake kabla ya intafesi. Na ukiwasha hii, zima monita ya ile trak (kitufe cha kujisikiliza) ndani ya programu, la sivyo utasikia gitaa mara mbili, moja inaifukuza nyingine.

Mambo madogo: laptop iwe kwenye chaja na mpango wa umeme uwe wa nguvu zote, zima Wi-Fi kwa muda, na intafesi ichomekwe kwenye mashine yenyewe, sio kwenye habu ya USB yenye vitu vingine vitano.

Kuna lingine linalofanana na hili ila sio lenyewe. Unajisikia vizuri wakati unapiga, lakini trak iliyorekodiwa imekaa nyuma ya ngoma. Hapo programu ndo haijui kifaa kinachelewesha kiasi gani. Toa waya kutoka tundu la kutokea la intafesi uingize kwenye tundu lake la laini, zima monita ya trak isije ikazunguka ikapiga kelele, cheza metronomu iliyo kwenye trak moja huku unairekodi kwenye nyingine. Vuta karibu sana uone mawimbi mawili, hesabu sampuli katikati yake. Zikiwa 220 kwenye 44100, ni milisekunde 5. Hiyo namba iandike kwenye setingi ya kurekebisha mkao wa rekodi, alafu rudia jaribio, mawimbi yakae sambamba. Ukibadilisha bafa, pima upya.