Mustang inayolia kwenye matuta: kuhudumia miguu, propela na difu

Ford Mustang ya 1965 au 1966 ikipita tuta hulia kama kitanda cha kamba kilichochoka. Mwenye gari hukimbilia shokapu mpya, anazifunga, na kilio kinabaki palepale. Mara nyingi dawa ni grisi tu.

Kabla hujaanza, weka pembeni spana za milimita ulizozoea kwenye Toyota. Gari hili ni la inchi. Spana namba 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, nati ikiwa na kutu, kona zote zinaliwa.

Hatua ya 1: kuinua. Springi ya mbele hapa imekaa juu ya mkono wa juu, yaani chuma kinacholishika gurudumu kwa juu na kupanda na kushuka nalo. Gari likiwa bado chini, chomeka kabari ya mbao ngumu kati ya mkono huo na chesisi, ndipo upige jeki chini ya chesisi na kuweka stendi. Kabari inaushika mkono mahali pake pa kawaida, boljointi (viungo vya duara vinavyounganisha mikono na gurudumu) hazibebi mzigo, na grisi inapenya. Tikisa tairi juu na chini. Kama si beringi iliyolegea na boljointi ya chini inacheza, ibadilishe.

Hatua ya 2: grisi. Hapa ndipo penye kazi. Mkono wa juu unazunguka kwenye bushi za chuma zenye nyuzi, si za mpira, na zikikauka ndizo zinazolia. Mwishoni mwa kila bushi kuna kizibo kidogo. Kitoe, funga nipeli (mdomo wa kupigia grisi) ya kona, maana iliyonyooka haikupi nafasi ya bomba la grisi. Nimeona magari ambayo fundi alitoboa mnara wa shokapu kwa moto ili afike. Usifanye hivyo, mnara huo ndio unaobeba springi. Piga taratibu hadi grisi chafu ianze kutoka. Gari likilia bado, kagua kikalio cha springi juu ya mkono, kwani bushi zake ni za mpira na grisi ya kawaida inauharibu mpira.

Kuitoa springi yenyewe ni habari nyingine. Kama huna kibanio chake maalumu, usiiguse.

Hatua ya 3: bushi za mpira, mkono wa chini na springi za majani nyuma. Ukizibadilisha, kaza bolti kwa mkono tu, shusha gari, kisha malizia kukaza tairi zikiwa zimekanyaga chini. Ukikaza gari likining'inia, mpira unakaa umejisokota na unapasuka mapema.

Hatua ya 4: propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Vumbi jekundu kwenye vikombe vya krosi (kiungo cha mwisho wa propela) maana yake sindano, yaani beringi nyembamba za ndani, zimekauka. Weka alama ya rangi kwenye propela na difu kabla ya kufungua, na zungushia vikombe utepe wa karatasi unaonata visidondoke. Ukiichomoa propela, ziba mdomo wa giaboksi kwa mfuko wa plastiki. Mimi nilisahau mara moja, nikapiga deki jioni nzima.

Hatua ya 5: difu. Ile ya inchi 8 ya V8 haina nati ya kumwagia wala kifuniko cha nyuma. Nyonya oili ya zamani kwa pampu kupitia tundu la kujazia, jaza oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5 hadi ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa sawasawa.

Liendeshe kilomita kama 50, kisha kaza tena yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi za nyuma. Majani yakishatulia, nati huwa zimelegea kidogo.